Talaka imetoka, mimi bado sijatoka

#1 Fundi Spoku (Tanga)

Wakuu, assalam aleikum, na wakubwa wote shikamooni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, umri miaka 44, watoto watatu. Ndoa ilikuwa ya miaka kumi na sita. Nani alikosa sitaeleza, kwa sababu nikieleza mimi nitashinda kesi, na mwenzangu hayupo humu kujitetea. Ijulikane tu kwamba talaka aliidai yeye, wazee wakakaa vikao vinne, mwisho nikatoa moja. Siku ile nilidhani shughuli imekwisha. Nikarudi zangu kibandani, nikapiga viraka sita mpaka magharibi.

Wiki ya pili ndipo lilipoanza. Saa nne usiku usingizi unakuja vizuri tu, saa nane kasoro macho kodo. Na siwazi lolote la maana. Nahesabu vyombo. Sufuria, kabati, cherehani, ile friji tuliyomaliza deni lake mwezi wa tatu. Nani atachukua kipi. Nikifika mwisho naanza upya, mpaka adhana ya alfajiri. Chakula mdomoni kama mchanga. Mkanda wa suruali nimeutoboa matundu mawili mapya kwa msumari wa moto.

Lililonitisha hasa ni kazini. Miaka ishirini mwenzenu nanyoosha rimu. Unaizungusha, unasikiliza inagusa breki wapi, unakaza spoku ya upande huu robo mzunguko, unalegeza ya upande wa pili. Mkono unajua wenyewe, mdomo unaendelea na habari za timu ya Coastal. Wiki iliyopita nimekaa na rimu moja tangu asubuhi hadi adhuhuri, kila nikikaza inazidi kuwa yai. Mwenyewe, mama mmoja muuza samaki, akasema, "Fundi, nipe tu niende nayo hivyo hivyo." Nikaingia nyuma ya kibanda nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu.

Halafu mji wenyewe ndio huu. Tanga humkwepi mtu. Yeye yuko kwa mama yake Makorora, mimi huku, na nusu ya mji inatembea kwa baiskeli. Yake ni nyekundu, ya kike, ina kapu mbele, na kengele yake inakwaruza kabla ya kulia kwa sababu springi niliyoiweka ndani niliitoa kwenye mtego wa panya. Kila nikisikia kengele inakwaruza nainua kichwa. Kumbe baiskeli za namna hiyo ni nyingi, sikuwahi kujua.

Majirani nao. Wa mkono wa kulia kavaa kanga iliyoandikwa "Wa mbili havai moja" siku tatu mfululizo. Labda ndiyo aliyokuwa nayo safi. Labda.

Ombi langu: mliopita njia hii mlifanya nini saa nane ya usiku? Ushauri wa maisha mazima siutaki, nataka wa hiyo saa nane. Na tafadhali, "kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" nimeshaletewa mara tisa, mojawapo na shemeji yangu mwenyewe.

#2 Mtoto wa Duga

Pole sana fundi. Nimekaa paleee na kahawa yangu, wenye uzoefu waje.

#3 Simba wa Sahare

Oa. Dawa ya moto ni moto. Mimi niliacha Jumatatu, Ijumaa ya pili yake nikawa nimeoa, hiyo stresi mnayoisema sikuiona hata kwa macho.

#4 Kashata

Na huyo wa Ijumaa bado uko naye?

#5 Simba wa Sahare

Hilo ni swali la uzi mwingine.

#6 Nesi wa Zamu

Fundi, mimi ni muuguzi, na mwenyewe ni mtalaka, kwa hiyo nazungumza kwa midomo miwili.

Kwanza ondoa fikra kwamba umekuwa legelege. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Holmes na Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha yanayomlemea mtu, kila moja na alama zake. Kufiwa na mwenza wakakupa 100. Talaka ikafuata, 73. Kutengana 65. Kufungwa jela 63. Yaani kwa hesabu yao ulichonacho wewe kinazidi jela. Na kwa akina Simba wa Sahare: kuoa nako kumo kwenye orodha, alama 50, na hizo alama zinajumlishwa, hazipunguzwi.

Sasa saa nane. Mwili ukihisi hatari unamwaga homoni za adrenalini na kotizoli: moyo mbio, tumbo linajifunga, usingizi unakuwa wa kuchungulia. Hauna habari kama hatari yenyewe ni chui au ni karatasi ya talaka. Kwa hiyo usibishane nao ukiwa umelala. Ukiona kama dakika ishirini zimepita, toka kitandani. Kaa kwenye kiti, taa hafifu, fanya kitu cha mikono, simu usiiguse. Ukisinzia ndiyo urudi. Asubuhi amka saa ile ile kila siku hata kama umelala kiduchu, na mchana usijilipe deni zaidi ya nusu saa. Kahawa ya barazani jioni iache kwa sasa. Najua namwambia nani.

Usiende duka la dawa kuomba diazepamu bila daktari. Inalaza, sikatai. Baada ya wiki kadhaa mwili unaizoea, na siku ukiikosa ghafla usingizi unakuwa mbaya kuliko huu ulionao leo. Nimewapokea wengi wa namna hiyo, wengine ni watu wazima wa kuheshimika kabisa.

Na mnaosema moyo kuvunjika ni maneno ya waimbaji: upo ugonjwa unaitwa takotsubo, Wajapani waliueleza mwaka 1990. Mtu anapata mshtuko mkubwa, msiba au mengine ya moyoni, sehemu ya moyo inatuna na kushindwa kusukuma damu vizuri, anakuja kashika kifua utadhani ni shambulio la moyo. Picha yake inafanana na chungu cha Kijapani cha kunasia pweza, ndipo jina lilipotoka. Wengi wanaoupata ni wanawake waliokwisha koma hedhi, na wengi hupona baada ya wiki chache. Ila anayebanwa kifua asiambiwe "ni mawazo tu". Apelekwe hospitali.

La mwisho, nakuuliza hadharani makusudi. Umewahi kuwaza kwamba afadhali usingekuwepo? Kama ndiyo, usingoje uzi ujae. Mwambie mtu mmoja leo, kisha uende hospitali ukaseme hivyo hivyo bila kuremba. Hospitali ya Bombo haiko mbali na ulipo.

#7 Mchokoo

Dada nesi, pweza wa huku hatumnasi kwa chungu, tunamchokoa mwambani maji yakitoka. Lakini nimekuelewa.

#8 Fundi Spoku

Nesi ahsante. Jibu langu ni hapana. Kuna usiku mmoja nilitamani nilale nisiamke mpaka watoto wamekuwa wakubwa. Sijui kama hiyo inahesabika kuwa hapana.

#9 Nesi wa Zamu

Hiyo si hapana iliyotimia. Nimekuandikia pembeni. Jibu leo, usiseme kesho.

#10 Bibi wa Chumbageni

Wanangu, nawasoma tangu asubuhi, mjukuu ndiye anayenichapia. Mimi niliachwa mwaka 1998, watoto wanne na wa mwisho yuko mgongoni.

Eda, ule muda mwanamke anaosubiri kabla ya kuolewa tena, kwa talaka ni twahara tatu, yaani vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi, na kwa kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Watu wanaidhani kifungo, nami niliidhani hivyo. Nilikaa humo humo nyumbani kwa bwana, maana talaka ya rejea, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke, ndivyo ilivyo, Sura ya 65 ya Kurani pale mwanzo kabisa inakataza wanawake kutolewa majumbani mwao. Siku hizi talaka haijakauka wino, begi liko kwenye bajaji. Haya, tuyaache.

Wiki ya kwanza nilitamani kuruka ukuta. Baadaye nikaona faida yake. Muda wote ule hakuna aliyeniuliza utafanyaje. Posa haiji, mawifi hawaji, anayekuja kupekua anaambiwa yumo edani. Nikawa nalia kwa kipimo, kwa sababu nilijua ipo siku ya kutoka. Na siku ilipofika nilioga, nikajifukiza udi, nikaenda mwenyewe sokoni kununua changu wawili. Nikamchagua muuzaji mbea kuliko wote, ili habari ifike mapema.

Nyinyi wanaume hamna kitu hicho. Unatoka kwa sheikh unaingia kibandani kupiga viraka, jioni wenzio wameshakutajia mabinti watatu. Hujapewa siku ya kuingia wala ya kutoka. Ndiyo maana naona watu wana miaka mitano tangu waachane na bado wanahesabu sufuria usiku. Mwanangu fundi, jiwekee siku. Weka tisini. Ndani ya hizo usioe, usiuze kitu kikubwa, usimjadili mama watoto wako na mtu yeyote wa barazani. Ukiulizwa, sema nina shughuli. Na saa nane hiyo inuka utawadhe, uswali rakaa mbili, ukimaliza kaa papo hapo kwenye msala. Kule kitandani ndiko sufuria ziliko.

#11 Ibn Pangani

Bibi tunakuheshimu, lakini tusizue. Mwanamume hana eda. Wanazuoni wametaja hali mbili za yeye kusubiri: akitaka kumuoa ndugu wa huyo mke aliye edani, au alikuwa na wanne kaacha mmoja na anataka kujaza nafasi.

#12 Bibi wa Chumbageni

Sijasema sheria, nimesema muda. Na wewe una nafasi gani ya kujaza?

#13 Kashata

Bibi kafunga goli la ugenini.

#14 Karani wa Sheria

Nisiwaharibie raha, ila fundi, unaposema talaka "imetoka", kwa sheria ya nchi bado haijatoka. Nakueleza kwa sababu naamini nusu ya huko kuhesabu sufuria kunatokana na kutojua.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina mpangilio wake. Kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ukiacha hali chache zilizotajwa humo. Baraza likishindwa linatoa hati kwamba limeshindwa. Kwa ndoa ya Kiislamu, kifungu cha 107 kinasema baada ya hati hiyo, talaka ikitolewa kwa taratibu za dini, mahakama ndiyo inatamka kwamba ndoa imevunjika. Wengi wanatanguliza talaka, baraza wanalikumbuka mwaka wa pili wanapogombania nyumba, halafu wanaambiwa warudi mwanzo. Huko kurudi mwanzo ndiko kunakoua watu kwa mawazo, nimewaona. Kikao cha wazee sebuleni si baraza. Muulize aliyewasikiliza kama baraza lake linatambuliwa kisheria, na kama hati ipo.

Kuhusu mali, kifungu cha 114 kinaangalia mchango wa kila mmoja, kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Kazi za nyumbani zimo. Mahakama ya Rufani iliamua hivyo mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia, maana ilionekana mume alishampa fedha za kujenga nyumba naye akazitumia kwingine. Watoto, kifungu cha 125: maslahi ya mtoto yanatangulia, na aliye chini ya miaka saba inadhaniwa ni bora akae na mama, mpaka pathibitike vinginevyo. Shauri linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Chukua daftari, andika vitu vyote mchana kweupe, na yeye aandike vyake, kisha mwoneshane mbele ya mtu mnayemheshimu wote wawili. Mtakapogongana mtashangaa ni vitu vichache.

#15 Mnyonge wa Pongwe

Karani, mimi na mwenzangu hatukufunga ndoa, miaka sita tuko pamoja, tumejenga vyumba viwili. Nami nina stresi zangu.

#16 Karani wa Sheria

Kifungu cha 160, dhana ya ndoa, miaka miwili na kuendelea pamoja na sifa ya kuonekana mke na mume. Una pa kusimamia. Fungua uzi wako nitakuja, huu ni wa fundi.

#17 Tabibu wa Mikanjuni

Kuamka saa nane kila siku ni jini mahaba huyo. Njoo inboksi, tiba ya kombe siku saba.

#18 Fundi Spoku

Jini mahaba anahesabu sufuria?

#19 Wa Kaole

Salamu kutoka Bagamoyo. Mimi yangu ina miaka minne sasa. Saa nane yangu niliimaliza kwa pombe, kwa hiyo sina la kufundisha hapo, nilipoteza kazi ya boti na leseni ya pikipiki. Naleta kitu kimoja tu, cha watoto.

Mwanangu nilikuwa namchukua Jumamosi. Tunapita ufukweni, namnunulia ngisi wa kukaanga, halafu naanza polepole: mama hajambo? Jana mlikula nini? Nani alikuja? Alikuja na gari au kwa miguu? Niliona najua kuuliza. Jumatatu nzima naichambua ile "alikuja mjomba". Mjomba yupi?

Siku moja tumekaa karibu na pale soko la samaki, kabla sijafungua mdomo akasema, "Baba, leo tumbo linaniuma, usiniulize." Alikuwa na miaka tisa. Alikuwa anaumwa tumbo kila Ijumaa usiku, mama yake alikuja kunieleza baadaye sana. Na mimi nilishaanza kusema mama mtu anamlisha vibaya.

Fundi, una watatu. Kila mtu atatafuta habari za upande wa pili, hiyo siwezi kukukataza. Ila usimtume mtoto.

#20 Fundi Spoku

Wakuu, nimepotea karibu mwezi na nusu. Nilianza kuhesabu siku za bibi tangu aliponiambia, leo ya 41.

Nilikwenda hospitali. Nesi alinisumbua mpaka nikaenda, Mungu amlipe. Nilikaa kwenye benchi na watu wengine nikiomba asipite mteja wangu, akapita, naye alikuwa na kadi kama yangu mkononi, tukaitikiana kwa kope. Daktari aliniuliza mambo mengi ya kulala na kula, akanipangia siku za kwenda kuzungumza. Kuzungumza kwenyewe mara ya kwanza nilieleza habari za rimu nusu saa nzima. Yule mama akaniacha. Mara ya pili nikaanza kusema.

Vyombo: karani, daftari limefanya kazi. Tuliandika kila mtu lake, tukakutana kwa mjomba wake, mzee wa watu asiyependa makelele. Vitu thelathini na kitu. Tuligombania viwili: cherehani na friji. Cherehani ni yake, nilijua tangu mwanzo, sijui kwa nini niliiandika. Friji imekwenda naye kwa sababu watoto wawili wadogo wako kule. Baiskeli hakuiandika yeye wala mimi. Hati ya baraza kumbe haikuwepo, tumeanza upya kule kunakotambuliwa, tuna tarehe.

Ibn Pangani usikasirike, siiti eda. Naiita shughuli, kama bibi alivyosema. Watu wamenipa mabinti wawili, nikajibu nina shughuli, wanadhani naunda boti.

Saa nane: naswali, kisha nakaa kwenye kiti nasuka rimu. Nilikuwa na ya zamani ya nyuma, spoku 40, niliifumua yote. Usiku naifuma kwa taa ya betri, moja moja, kuvuka mbili, kupita chini ya ya tatu. Asubuhi naikuta imekwenda upogo, naifumua tena. Usiku mmoja nilifika spoku ya kumi na saba nikalala kichwa juu ya meza, funguo ya spoku imenichora shavuni mpaka mchana wateja wananicheka.

#21 Kashata

Na jirani wa kanga?

#22 Fundi Spoku

Kabadilisha. Sasa amevaa ile ya "Usisafirie nyota ya mwenzio". Nimeacha kusoma.

#23 Bibi wa Chumbageni

Siku ya ngapi, mwanangu?

#24 Fundi Spoku

Ya 63, bibi. Jana nililala mpaka saa kumi na moja kasoro. Juzi sikulala kabisa, kwa hiyo msinipongeze.

Leo alasiri binti yangu wa pili kaja kibandani anasukuma ile nyekundu. Tairi la nyuma halina upepo. Nikaipindua, nikatoa tyubu, nikaiweka kwenye karai la maji, mwiba wa mchongoma. Nikapiga kiraka. Nilikuwa na swali mdomoni, lile la Wa Kaole, nikalimeza. Nikamuuliza hesabu za shule zinakwendaje, akasema vibaya. Tukazungumza hesabu.

Akanipa elfu moja iliyokunjwa mara nne. "Mama kasema uchukue, asifanyiwe bure." Nikaichukua.

Alipokuwa anapiga soda nikaifungua kengele, nikatoa springi ya mtego wa panya, nikaweka kengele mpya ya dukani. Akaijaribu kabla ya kuondoka. Inalia kama za watu wote.